Sifa za Paa Linalovuja

Asifuye mvua imemnyea, walisema wahenga. Mimi imeninyea mara nyingi, tena nikiwa nimeketi ndani ya gari na mlango umefungwa. Ninastahili basi kusimama mbele ya hadhara na kukisifu kile kilichoipa mvua ruhusa: turubai la gari la kale. Sisemi turubai la harusini, ambalo lina heshima zake na wapambe wake. Nasema lile la pamba nzito linalotandazwa juu ya matao ya chuma, likafungwa kwa kamba, kwa vishikizo na kwa dua; linalokunjwa kwa jasho na kukunjuliwa kwa manung'uniko; linalopiga makofi barabarani bila kuombwa, linalovuja penye mshono, linalonuka likilowa na kupasuka likizeeka. Majahazi yametungiwa mashairi, farasi wametungiwa, hata tembo la mnazi limepata watu wake. Turubai limenyimwa. Dhuluma hiyo naikomesha leo.

Nalisifia Bugeshi, na kwa makusudi. Mtu anayetaka kusifu gari la wazi kwa urahisi angebaki kule chini Gisenyi, ufukweni mwa Ziwa Kivu, penye upepo wa kiasi na wapita njia wa kulitazama. Huko kila mtu hulipenda turubai kwa sababu limekunjwa. Kulipenda likiwa limetandazwa, hapo ndipo penye mtihani. Kwa hiyo panda mlima hadi Bugeshi, sekta ya Wilaya ya Rubavu, Rwanda, inayopakana na Kongo, penye njia ya mpakani ya Kabuhanga. Upande mmoja umesimama Karisimbi, mita 4,507, umejifunika mawingu. Upande mwingine Nyiragongo anavuta moshi wake. Udongo ni mweusi, wa volkano, na viazi huota humo kwa fujo. Mvua ina misimu yake miwili, masika na vuli, na katikati ya misimu hiyo hunyesha kwa kujifurahisha tu. Asubuhi ukungu hutangulia kufika sokoni kabla ya wauzaji.

Huko ndiko anakoishi shemeji yangu na Land Rover yake, Series III, yenye turubai lililokuwa la kijani siku za nyuma. Leo rangi yake haina jina.

Kabla ya fadhila, nasaba. Msifiwa yeyote lazima atajiwe ukoo. Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, nayo ilikuja duniani bila paa la kudumu. Kilichokusudiwa kuikinga ni turubai. Wenye haraka husema ni umaskini wa baada ya vita, chuma hakikupatikana. Waache waseme. Mimi naangalia jambo jingine: mtoza kodi wa Uingereza alipoliona gari lile la turubai alilihesabu kuwa chombo cha kazi, akalisamehe kodi ya manunuzi. Kampuni ikajidanganya kwamba watu wanataka starehe, ikatoa toleo la abiria lililojengwa na Tickford, fremu ya mbao na paa la kudumu. Mtoza kodi akaamka usingizini. Gari likatozwa kodi, bei ikapaa, na hayakuuzwa hata 700 kabla ya biashara hiyo kufa mwaka 1951. Nitajieni kitambaa kingine kilichomshinda mtoza kodi.

Sasa fadhila. Turubai humpa dereva elimu ambayo mwenye paa gumu hana. Yule wa paa gumu huambiwa na redio kwamba itanyesha. Wa turubai hujua kwa goti. Shemeji anaweza kukueleza, bila kuangalia nje, mvua inatoka upande wa Kongo au inashuka Karisimbi, kwa sababu ya kwanza huingilia pembe ya kioo cha mbele na ya pili hupitia mshono wa nyuma. Abiria wake pia husoma. Kiti cha kushoto hudondokewa begani, cha kulia pajani, na benchi za nyuma hupata mgawo wa pamoja. Mgeni anayeheshimiwa hupewa kiti cha begani.

Fadhila nyingine ni kelele. Gari likikaribia kilomita 70 kwa saa, turubai huanza kupiga matao yake kwa nguvu kiasi kwamba mazungumzo hayawezekani. Wanaolalamikia jambo hili hawajawahi kusafiri na wakwe. Kuna maswali ya mahari, ya mashamba, ya nani alimkopesha nani, ambayo yameanza vizuri kabisa mbele ya nyumba na kuzikwa njiani, na waliofika Gisenyi wamefika wakiwa bado ndugu.

Kuhusu wizi, naomba nisikilizwe kwa makini, maana hapa maadui wa turubai hudhani wameshinda. Ni kweli kwamba wembe mmoja unatosha kuingia. Lakini mwenye turubai analijua hilo, kwa hiyo ndani ya gari lake hamna redio, hamna mkoba, hamna simu, hamna hata mto wa kukalia. Amefikia kukinai ambako wengine hukutafuta kwa miaka mingi ya ibada. Mwizi mwenyewe anafahamu. Hutupia jicho kupitia dirisha la plastiki lililopasuka, huguna, huenda kwenye gari lenye kengele.

Nikija kwenye kukunja, nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa turubai huonesha ualimu wake wote. Kukunja kuna fiqhi yake, na shemeji ndiye shehe wa Bugeshi. Haramu kubwa ni kulikunja likiwa bichi. Likikunjwa bichi leo, baada ya siku chache lina madoa meusi ya kuvu, na kuvu hula pamba kimyakimya. Uzi wa mshono ndio hutangulia kufa, kitambaa hufuata. Kwa kuwa siku kavu huku ni adimu, kuna majuma turubai halikunjwi kabisa, na shemeji huzunguka akiwa na gari la wazi lisilofunguka. Wengine huita kero. Mimi nimemwona akisimama uani saa nne asubuhi, kiganja juu ya kitambaa, akilisikiliza kama limekauka, na sijawahi kumwona mwenye gari jipya akiligusa gari lake kwa adabu ile.

Likishakauka, kanuni ni kulegeza kabla ya kuvuta. Asiye na subira huvuta kwanza, na hapo husikia tundu la shaba likichomoka na kipande chake cha kitambaa. Kamba za pembeni hufunguliwa, pazia la nyuma huviringishwa juu na kufungwa kwa mikanda yake, kisha ukingo wa mbele huchomolewa kwenye fremu ya kioo. Watu wawili, mmoja kila upande, hulirudisha nyuma kwa mwendo mmoja. Mmoja akiharakisha, turubai hukaa upande, na mkunjo uliokaa upande hauna dawa: siku ya kulitandaza tena, tundu za kulia zitakuwa zimepishana na ndoano zake. Ndiyo maana shemeji hagombani na jirani yake. Angependa, kuna mambo ya mpaka wa shamba yangemstahilia ugomvi, lakini nani atashika upande wa pili?

Magari ya starehe yana fiqhi ngumu zaidi. Kwenye MG, Alfa Romeo Spider na wenzao, turubai limeshonwa juu ya mikono ya chuma inayofunga na kufunguka kwa mtindo wa mkasi, na mikono hiyo haina huruma. Unafungua vibano vya juu ya kioo, unanyanyua fremu nusu tu, unasimama. Unakwenda nyuma kuvuta kitambaa nje ya mkasi kwa vidole, mkunjo kwa mkunjo, ili chuma kisikiume. Dirisha la nyuma, kama ni la plastiki na lina zipu, hufunguliwa na kulazwa bapa juu ya taulo, na taulo jingine juu yake. Likikunjwa kavu kwenye baridi hupasuka kwa mlio ambao mwenye gari hausahau. Kisha fremu hushushwa polepole, huku ukipitisha mkono chini kuhakikisha hakuna kilichobanwa. Mwishoni hufunikwa kwa kifuniko chake cha vishikizo, na kishikizo cha mwisho, popote duniani, hakifiki.

Volkswagen kobe lililofunguliwa paa na Karmann wa Osnabrück lilivuka mipaka kabisa. Turubai lake lilijazwa matabaka ya kuzuia baridi na kelele, likawa nene mno. Likikunjwa hulala juu ya nyuma ya gari, bonge zima, na dereva akiangalia kioo cha nyuma haoni kitu ila turubai lake mwenyewe. Karmann walitengeneza zaidi ya 330,000 kati ya 1949 na 1980. Wanunuzi wake wote walikubali kutoona walikotoka ili waone mbingu. Mimi nawaamkia.

Matunzo nayo yana utukufu. Turubai jipya la pamba, tofauti na vitu vyote vipya, huvuja zaidi ya la zamani. Lazima lilowe, likauke, lilowe tena, mpaka nyuzi zivimbe na kuziba matundu ya sindano. Yaani dawa ya kuvuja ni kuvujiwa. Likilowa usiliguse kwa ndani, maana pale ulipogusa kidole maji hupata njia. Watoto wa shemeji wanajua hili tangu wakiwa na umri wa kushika, na kila mmoja ana tone lake alilolianzisha mwenyewe na analolionesha wageni.

Kuosha ni kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na brashi laini, kufuata mkondo wa nyuzi, kisha kusuuza mpaka povu liishe. Mashine za kuoshea magari kwa shinikizo ni mwiko. Hupekua mshono na kung'oa dawa ya kuzuia maji. Petroli kwenye dirisha la plastiki ni mwiko, ingawa kila fundi wa barabarani atakupa kitambaa chenye petroli na tabasamu. Zipu husuguliwa mshumaa. Tundu za kutolea maji, kama gari linazo, huzibuliwa majani kabla ya masika, la sivyo maji yaliyokataliwa juu hukusanyika chini na kuogesha miguu.

Bugeshi ina sura yake ya ziada katika kitabu hiki, nayo ni Nyiragongo. Mwaka 2002, tarehe 17 Januari, mlima huo ulimwaga lava mpaka katikati ya Goma. Tarehe 22 Mei 2021 ulirudia, lava ikasimama kwenye kingo za mji. Na hata ukiwa umetulia moshi wake una salfa, na mvua inayopita ndani ya moshi huo hufika chini ikiwa na ukali wa kutafuna nyuzi. Likianguka jivu, usilipanguse. Jivu la volkano si la jikoni. Ni vumbi la mawe na kioo, na brashi kavu hulifanya msasa. Humwagiwa maji kwanza, mengi, kwa upole. Onyo hilo halimo katika vitabu vya Waingereza walioliunda gari. Turubai la Bugeshi limelazimika kujitungia elimu yake.

Wako wanaodai kwamba turubai halijafanya jambo lolote kubwa katika historia. Hawa nawapeleka upande wa pili wa Karisimbi. Mwishoni mwa 1966 Louis Leakey alimnunulia Dian Fossey, jijini Nairobi, Land Rover kuukuu yenye turubai, ambayo Fossey aliipa jina Lily. Akaiendesha hadi Kongo, na Januari 1967 akaanza kuwafuatilia sokwe wa milimani pale Kabara. Julai mwaka huohuo vita vikamfikia. Askari wakamteremsha mlimani na kumshikilia Rumangabo. Alichofanya ni kuwaambia kwamba Lily haijasajiliwa ipasavyo, kwamba mambo hayo yanakamilishwa Kisoro, Uganda, na pesa za kuyalipia ziko hukohuko. Wakakubali kusindikizana naye. Alipovuka mpaka wa Bunagana na kufika Kisoro hakurudi nao, na tarehe 24 Septemba 1967 alifungua kambi ya Karisoke upande wa Rwanda. Baadaye aliandika kwamba gari lile liliokoa maisha yake. Wanahistoria watataja ujasiri wake na tamaa ya askari. Mtoa sifa ana ruhusa zaidi ya mwanahistoria, kwa hiyo mimi nauliza tu: gari lenye paa la chuma linalong'aa lingeachwa mikononi mwake muda wote huo? Kuna usalama katika kuonekana huna thamani, na turubai lililofifia ni bingwa wa sanaa hiyo.

Upande wa wakubwa, turubai lilitenda haki ya namna nyingine. Mwishoni mwa Juni 1960, Kongo ikiwa inapokea uhuru, Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alipita mitaani Léopoldville akiwa amesimama ndani ya gari la wazi. Mtu mmoja, Ambroise Boimbo, akasogea garini, akauchukua upanga wa mfalme na kukimbia nao katikati ya barabara. Mpiga picha Mjerumani, Robert Lebeck, alikuwepo. Boimbo alikamatwa muda si mrefu, lakini picha ilikwisha kupatikana na bado inatembea. Weka paa gumu juu ya gari lile, panda vioo: mfalme ana upanga wake, Lebeck ana picha ya kioo kinachometa, na historia ya Afrika ya Kati imepungukiwa na kicheko kimoja. Hata sasa, Kenya na Tanzania, siku za sherehe za taifa rais husimama ndani ya gari la wazi la jeshi kuwapungia watu. Walinzi hawalipendi gari hilo, nadhani. Umati unalipenda.

Haki inanidai nitaje pia turubai la lori la Fuso, ndugu asiye na kanzu. Viazi vya Bugeshi vikianza safari ya Kigali hufunikwa naye, kwa kuwa kiazi kilichopigwa na jua hugeuka kijani na kujitengenezea sumu, na kilicholowa huoza kabla ya kufika. Hakuna mnunuzi wa Kigali aliyewahi kumshukuru. Nairobi, kwa upande mwingine, yako maturubai yanayopigiwa makofi, katika mashindano ya Concours d'Elegance yanayoandaliwa na klabu ya wenye Alfa Romeo kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Huko magari hushindania usafi na ukamilifu, na utakuta vitambaa visivyo na hata kivuli cha doa. Navipa heshima yake, lakini turubai lisilowahi kunyeshewa ni mkeka usiowahi kulaliwa.

Sasa maadui. Adui mkuu wa turubai alikuwa daktari wa meno. Georges Paulin, Mfaransa, aliacha kung'oa meno akabuni paa la chuma linalorudi nyuma lenyewe, zima, na kuingia ndani ya buti, na Peugeot wakaanza kuliuza mwaka 1934 kwa jina la Éclipse. Nakiri lilikuwa zuri. Paulin alikuwa na jicho la mchoraji na alikufa kishujaa, akipigwa risasi na Wanazi mwaka 1942. Lakini wazo lake lilikwenda wapi? Lilikwenda Marekani, kwa Ford, ambao kati ya 1957 na 1959 waliuza Skyliner yenye mota 7 na nyaya za zaidi ya mita 180 kwa kazi moja tu ya kushusha paa. Kazi ambayo shemeji huifanya na jirani yake, bila betri. Na paa la Skyliner likishashuka hujaza buti lote. Viazi vitakaa wapi?

Swali hilo shemeji alishalijibu kwa vitendo. Mfanyabiashara mmoja alimletea paa gumu la Land Rover, la aluminiamu, zima, bei ya kutupa. Wanaume wanne walilinyanyua, likafungwa bolti zote, turubai likawekwa stoo. Nilimkuta wiki ya pili akiwa ameshalitoa.

"Shemeji, lilivuja?"

"Halikuvuja, shemeji. Nilikwenda Kabuhanga na kurudi, sikusikia kitu chochote. Mama mkwe alikuwa kiti cha pembeni." Akanyamaza kidogo. "Akazungumza kwenda na kurudi."

Turubai likarudi juu ya matao yake. Paa la aluminiamu sasa linafunika banda la ndama wawili nyuma ya nyumba, halipitishi hata tone, na linauzwa. Anayelitaka aje na watu watatu wa kumsaidia kubeba, na aje siku kavu, kwa sababu siku ya mvua shemeji yuko ndani ya gari na hatasikia akiitwa.